Matela yasiyo na breki yanatumaliza huku Njombe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba matrekta madogo hayafai huku Nyanda za Juu Kusini, kwamba ni ya kulimia bustani kwenye tambarare, na kwamba yangepigwa marufuku kabisa kuvuta tela milimani. Nampa pole kwa msiba wake wa ajali ya trekta. Lakini dawa aliyoipendekeza haiugusi ugonjwa. Trekta alilolilaumu lilikuwa na breki, lilikuwa na gia, lilikuwa na chuma cha kinga nyuma ya kiti, kile cha kumlinda dereva trekta likipinduka. Tela lililokuwa nyuma yake, kwa maelezo yake mwenyewe, halikuwa na kitu zaidi ya magurudumu mawili na magunia ya viazi mpaka juu.

Mimi ni dereva wa trekta tangu ujana wangu. Nilivuta majani ya chai upande wa Lupembe kwa matrekta makubwa mpaka nikastaafu, na sasa nina trekta dogo la nguvu ya farasi 28 ambalo tunapokezana kuliendesha na mpwa wangu hapa Uwemba. Tunawalimia watu, tunabeba viazi kutoka mashambani mpaka barabara ya malori, na kiangazi tunabeba mbao. Habari za utelezi sikusimuliwa.

Anayeijua Njombe anajua mvua zetu zinaanza Novemba na hazituachi mpaka Aprili, miaka mingine Mei. Viazi vingi vinachimbwa mvua ikiwa bado ipo. Mashamba yako kwenye migongo ya vilima, lori linasubiri ng'ambo ya bonde, na katikati kuna kijito chenye kalavati. Kwa hiyo kila gunia linateremka kwanza, ndipo lipande. Udongo wetu ni ule mwekundu, mfinyanzi. Ukiwa mkavu unashika vizuri sana. Ukilowa, hata mtu mwenye gambuti anatembea kwa kushika matawi. Na utelezi mbaya kuliko wote hauletwi na mvua kubwa. Unaletwa na manyunyu na ukungu wa asubuhi: juu panalowa unene wa ukucha tu, chini pamebaki pagumu, tairi linapita juu ya utando ule bila kufika penye kushika. Mvua kubwa walau inaosha. Ndiyo maana mimi asubuhi ya manyunyu siendi popote kabla jua halijatoka, hata dalali apige simu mpaka chaji imwishie.

Sasa nianze na mzigo, maana hapo ndipo dereva anapodanganywa kabla hajawasha injini. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo kwenye redio na kwenye minada mpaka sauti zikakauka. Nenda shambani ukaone. Gunia linajazwa, linashindiliwa, linaongezewa kilemba cha neti juu, linashonwa kwa kamba, na bado linaitwa gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Ukiliweka kwenye mizani linaweza kusoma 130 au 140. Wakulima wamelalamika miaka mingi kwamba lumbesa inawaibia, na ni kweli inawaibia. Ila sijasikia mtu akisema inamwibia dereva pia. Mimi nalipwa kwa gunia. Nikipakia magunia kumi ya kilo 135, nimebeba kilo 350 za bure, karibu magunia matatu na nusu ambayo hakuna aliyenilipa. Halafu kilo hizo hizo za bure ndizo zinazonisukuma mgongoni nikiteremka.

Naomba wasomaji wanivumilie kidogo na hesabu, kwa sababu bila hesabu tutabaki kulaumiana. Chukua trekta kama langu, likiwa na dereva na maji kwenye matairi ya nyuma, tuseme kilo 1,300. Tela tupu kilo 400. Magunia kumi ya lumbesa, kilo 1,350. Jumla kilo 3,050. Mteremko wetu wa kwenda kalavatini niliupima kwa ubao wa mita moja na pima maji ya fundi mwashi: shika ubao uwe sawa, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ncha ya chini na ardhi. Nilipata sentimita 15. Kwa mteremko huo mzigo wote unavutwa kwenda chini kwa nguvu ya kilo 450 hivi. Hizo ndizo za kuzuiwa, mwendo wote mpaka kalavatini.

Je, tuna nini cha kuzuia? Kwenye mfinyanzi uliolowa, tairi linaweza kushika robo tu ya uzito ulioko juu yake, na wakati mwingine chini ya hapo. Kama unazuia kwa magurudumu ya nyuma ya trekta peke yake, uzito ulioko pale, pamoja na kiasi ambacho mkono wa tela, ule unaofungwa kwenye trekta, unakandamiza, ni kama kilo 950. Robo yake haifiki 240. Unatakiwa 450, una 240. Ukiingiza na magurudumu ya mbele, trekta zima na ule mkandamizo wa tela ni kilo 1,450, robo yake 360. Bado hutoshi. Dereva hodari na dereva mlevi hapo wako sawa, tofauti yao ni nani atakayepiga kelele kwanza.

Punguza mzigo uwe magunia sita ya kilo 100 halali. Jumla inakuwa kilo 2,300, nguvu ya kuteremka 340, na trekta lenye magurudumu yote manne linashika 350. Umepita kwa kilo kumi. Si raha hiyo, ila umepita.

Rudisha yale magunia kumi ya lumbesa, lakini safari hii tela liwe na breki zake. Sasa kila gurudumu linazuia, la trekta na la tela, na uzito wote wa kilo 3,050 unafanya kazi ya kushika. Robo yake ni 760. Hapo unateremka na akiba. Trekta ni lile lile dogo ambalo msomaji mwenzangu anataka lipigwe marufuku.

Sisemi hivi ili watu wapakie lumbesa. Nasema kwa sababu huku kwetu watu wanatumia mamilioni kununua trekta, kisha tela wanalichukulia kama toroli kubwa. Muuzaji aliyeniuzia langu, ambaye sitamtaja, alinionyesha kila kitu cha trekta kwenye uwanja wake wa saruji uliokuwa sawa kama meza, akanipa kitabu, akanipa na kofia. Nilipouliza breki za tela alicheka, akasema, "Mzee, tela linafuata tu." Linafuata, ndiyo, mpaka siku linapoamua kutangulia.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba breki zenyewe mara nyingi zipo. Matela mengi yanayochomelewa na mafundi wetu, kuanzia Makambako mpaka Njombe mjini, yanatumia ekseli za pikapu zilizokufa. Ekseli ile inakuja na dramu zake, na ndani ya dramu shuu za kubania breki bado zipo, wakati mwingine nzima kabisa. Fundi anafanya nini? Anakata paipu za mafuta ya breki kwa sababu zinamsumbua kwenye kuchomelea, anaziba au hazibi, anapaka rangi ya bluu juu. Nimeinama chini ya matela hayo kwenye minada, nimeona vipande vya paipu vinaning'inia, vimekatwa kwa msumeno.

Kuzirudisha si uchawi. Mkono wa tela unakatwa mahali pamoja na kufanywa bomba ndani ya bomba, lenye springi nzito. Trekta likivuta, bomba la ndani linatoka nje na breki zinaachia. Trekta likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele kwa uzito wake lenyewe, bomba linaingia, linabana masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki, ya gari bovu iliyofungwa pale juu, na mafuta yanakwenda kwenye dramu zote mbili. Kadiri tela linavyosukuma kwa nguvu ndivyo linavyojizuia kwa nguvu. Dereva hana pedali ya kukumbuka. Unaongeza na hendibreki ya mkono ya kulegeshea na kukazia, ili tela likisimama lisimame kweli. Langu fundi alilitengeneza hivyo na gharama yake yote ilikuwa chini ya bei ya tairi moja jipya la nyuma la trekta.

Lina kasoro zake, nisiwafiche. Ukirudi nyuma, breki hizo zinabana zenyewe, kwa hiyo lazima kuwe na kipini cha kuzuia bomba lisiingie, na kipini hicho lazima mtu akumbuke kukitoa kabla ya kuteremka. Na ukipanda kilima trekta likashindwa, tela linavuta kwenda nyuma, halisukumi. Breki za namna hii hapo hazikusaidii kitu. Kupanda kuna habari yake, nitaifikia.

Kuteremka kwanza. Nasimama juu kabisa, pakiwa bado tambarare. Trekta lina pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, na kuna chuma kidogo cha kuziunganisha. Shambani watu wanaziachanisha ili kugeuza trekta kwa kubana gurudumu moja. Wakitoka shambani wanasahau. Sasa wazia uko mteremkoni, unakanyaga kwa haraka, mguu unaipata moja tu: trekta linajigeuza kukatiza njia na tela halina habari, linaendelea na safari. Kwa hiyo chuma kile nakigusa kwa mkono, siamini macho.

Kisha naingiza magurudumu ya mbele. Vijana wanadhani kuvuta kwa magurudumu yote manne ni kwa ajili ya kupandia. Kwenye matrekta madogo mengi breki ziko nyuma tu, mbele hakuna. Ukiyaingiza ya mbele, shafti inayaunganisha na ya nyuma, hivyo breki na mzuio wa injini vinayafikia yote manne. Tena mteremkoni uzito unahamia mbele, kule kule ambako kusingekuwa na kizuizi chochote.

Gia naichagua nikiwa palepale juu. Iwe gia nzito, ile ambayo ningepandia kilima hicho hicho na mzigo huo huo, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Nikishaanza kushuka sigusi klachi wala sibadili gia. Ukikanyaga klachi umeiachisha injini kazi, na ukishaitoa gia nzito huku tela linakusukuma hutairudisha, utasikia meno yakisagana tu. Kuna wanaoweka nyutro ili waokoe dizeli. Dizeli ya kipande kile haijai kikombe cha chai.

Halafu kuna jambo ambalo ni gumu kumfundisha mtu kwa sababu mwili wake wote unalikataa. Magurudumu yakisimama huku trekta linaendelea kwenda, ujue breki hazina kazi tena, na usukani nao hauna kazi. Kukanyaga zaidi ni kuzidi kuteleza. Unaachia breki, unaelekeza magurudumu ya mbele chini moja kwa moja, na unaongeza resi kidogo sana mpaka matairi yazunguke sawasawa na mwendo mnaokwenda. Yakianza kung'ata, unapunguza taratibu. Tela likianza kuja pembeni ni vivyo hivyo, unalivuta linyooke. Mpwa wangu alinibishia, "Mjomba, yaani niongeze mafuta wakati nateremka?" Nikampeleka kwenye mteremko mfupi ambao chini yake ni uwanda wa malisho, tela likiwa tupu, nikasimama pembeni, nikamwambia ajaribu njia yake kwanza, kisha yangu. Njia yake ilimgeuza akaangalia alikotoka. Siku hizi yeye ndiye anayewaeleza wenzake, tena kwa maringo, kana kwamba aligundua mwenyewe.

Ila hiyo ni kwa mahali ambapo chini pana nafasi. Kama chini kuna kona na korongo, hakuna ufundi wa resi. Hapo unapunguza mzigo na kwenda mara mbili, au unasubiri pakauke.

Kupanda sasa. Tela lifungwe kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, chini ya usawa wa ekseli ya nyuma, na pini iwe na kufuli lake, pamoja na mnyororo wa akiba. Nimeona watu wakifunga kwenye tundu la toplinki, lile la juu la kushikia jembe, kwa sababu pini haifiki, au wakizungushia mnyororo kwenye ekseli yenyewe. Trekta linalovuta kwa juu likikwama, magurudumu ya nyuma yanabaki palepale na pua inainuka. Kutoka kuinuka mpaka kulala chali hakufiki sekunde mbili. Hakuna dereva mwenye mguu wa kasi hiyo.

Mzigo upangwe kidogo mbele ya ekseli ya tela, si nyuma. Ukiwa nyuma, mkono wa tela unainua mkia wa trekta, na matairi yanayovuta yanakosa uzito wa kushikia. Ukizidi mbele nao, magurudumu ya mbele ya trekta yanakuwa mepesi kilimani, unazungusha usukani na trekta linakwenda linakotaka. Kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela kikandamize trekta, basi. Matairi ya nyuma tumeyajaza maji robo tatu, uzito wa bure ulioko chini. Na angalia meno ya tairi: yakishajaa tope tairi linakuwa duara laini, ni sawa na kipara. Mpwa wangu ana upanga mfupi wa kuyakwangua na haendi bila huo. Nimeona pia trekta ambalo matairi yake yalifungwa kinyumenyume, mshale ubavuni unaelekea nyuma, na mwenyewe anashangaa kwa nini analimiwa na wenzake wakati wa mvua.

Utingo ndiye anayenitoa usingizini. Kijana huyu analipwa kidogo kuliko wote na anakaa mahali pabaya kuliko wote: juu ya mkono wa tela, kati ya trekta na magunia, ananing'inia akipiga mluzi. Tela likikunja, nafasi ile inafunga. Wengine wanakaa juu ya bawa la gurudumu. Siku ya mnada ndiyo usiseme, unakuta akina mama na watoto juu ya magunia, na huwezi kumkatalia jirani aliyechoka na mvua inanyesha, watu wanakuona una roho mbaya. Mimi wananiona hivyo, nimezoea. Utingo wangu anatembea kwa miguu, upande wa juu wa njia, hatua chache kutoka kwenye gurudumu la tela, na mkononi ana kabari ya mti mgumu yenye kamba ya kuishikia. Hakai nyuma ya tela hata mara moja. Trekta likianza kuzembea kilimani, anaisukumia kabari nyuma ya gurudumu kabla sijasimama, kwa kushika kamba, vidole vikiwa mbali. Likishindwa kabisa hatujaribu kurudi kinyumenyume, maana tela la magurudumu mawili kwenye tope likirudishwa nyuma linakunja papo hapo. Tunaweka kabari pande zote mbili, tunashusha nusu ya magunia pembeni, tunapanda na iliyobaki, tunarudi. Dalali atanuna. Anune.

Chuma cha kinga kile ambacho kinasimama nyuma ya kiti, jamani, kisilazwe. Wengi wanakilaza ili trekta lipite chini ya miti ya parachichi au liingie bandani, kisha kinabaki kimelala msimu mzima na mkanda umekaliwa chini ya mto wa kiti. Sweden iliwalazimisha watengenezaji kuweka kinga hiyo kwenye matrekta mapya tangu 1959. Sisi tunauziwa ikiwa imefungwa tayari, tunailaza wenyewe. Chuma kikiwa kimesimama, mkanda ufungwe. Kikiwa kimelala usifunge, kwa sababu trekta likibiringika litakuwa na wewe.

Msomaji mwenzangu anataka Serikali ifanye jambo. Na mimi nataka, ila jingine. CAMARTEC kule Arusha wana kazi ya kupima zana za kilimo. Nawaomba watazame na matela, wayapime yakiwa na mzigo kwenye mteremko uliolowa. VETA wana vyuo na walimu wa uchomeleaji; kipindi kimoja cha kufundisha mkono wa tela unaojizuia hakitawaharibia ratiba, na kijana atakayehitimu akirudi kwao Makete au Ludewa atakuwa na kazi ya kufanya kesho yake. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nao hawana fedha ya kuweka lami kila kitongoji, hilo tunalielewa, lakini hatuhitaji lami ya kilomita kumi. Tunahitaji mikanda miwili ya zege kwenye ile mita mia mbili inayoua, na mtaro wa kuyatoa maji pembeni yasikimbilie katikati ya njia. Mahali zilipowekwa zege za namna hiyo watu wameacha kupitisha mazao yao kwa kuomba Mungu. Wauzaji wa matrekta, kabla hawajamkabidhi mtu ufunguo, wampeleke kilimani na tela lililojaa. Uwanja wa saruji haumfundishi mtu wa Njombe kitu.

Na Wakala wa Vipimo waje mashambani, wasiishie kwenye vizuizi vya barabara kuu. Lori likifika kwenye kizuizi, trekta lilishateremka na lumbesa lile bondeni saa tano kabla.

Huku kwetu wenye matrekta wachache tumekaa tukakubaliana: gunia lenye kilemba halipandi kwenye tela, na bei yetu inahesabiwa kwa kilo. Madalali wawili wameshatuhama, wamekwenda kwa wanaobeba chochote. Mmoja amerudi. Alisema kule tela lilikaa kwenye mtaro siku mbili na viazi vikaanza kuoza, na mzigo uliochelewa sokoni haumwulizi mtu alibeba magunia mangapi kwa safari moja.

Mhariri, nimeambatisha mchoro wa ule mkono wa tela, nimeuchora kwa penseli, vipimo vyote viko kwa milimita. Springi niliyotumia ni ya mbele ya pikapu kuukuu, na bomba la ndani lazima lipakwe grisi kila wiki wakati wa mvua, la sivyo linashika kutu na kugoma kuingia. Ukipata nafasi uuchapishe. Fundi yeyote aunakili, sitaki senti.

Dereva mstaafu,
Uwemba, Njombe.